Zimwi la Mtoni Lina Mfugaji

Ntobeye iko juu na maji yako chini. Mwenye kutaka kuelewa habari za viumbe wa ajabu wa majini huku wilayani Ngara aanzie hapo, kabla hajagusa kitabu chochote cha ngano. Nyumba, migomba, mibuni na makanisa vimepanda vilimani. Vijito viko mabondeni, na hata kile ambacho mtoto hukiruka kwa hatua moja, mwishowe maji yake huishia kwenye mito ya Ruvubu na Kagera. Mtu hushuka na dumu tupu, hupanda nalo limejaa. Anayeshuka mara nyingi ni mwanamke au mtoto wa shule, na saa ya kushuka ni ile ile jana, leo na kesho.

Kule chini, mto unakopanuka, mamba huijua saa hiyo. Hana haja ya kukimbia. Hulala majini, macho na pua tu vikiwa juu, rangi yake na rangi ya tope ni moja, na akitulia anaweza kukaa chini ya maji zaidi ya saa nzima. Huwaangalia wanaokuja kunywa na kuchota. Akishaona pamezoeleka, husogea. Akikamata hatafuni, maana meno yake yameumbwa kwa kushika, si kwa kukata. Humvuta mtu kilindini mpaka azame, ndipo ajizungushe mwili mzima ili kunyofoa nyama. Aliyesimama ukingoni haoni mnyama. Anaona mwenzake ameinama, anasikia maji yakipasuka mara moja, kisha maji yametulia na dumu linaelea.

Mwambie aliyeshuhudia hivyo kwamba mtoni hakuna kitu. Hatakujibu, na ana haki yake.

Kuna na kiboko, ambaye watu wa mjini humwona mnene na mpole kwenye picha. Mchana hulala majini. Jua likizama hutoka kwenda malishoni, pengine kilomita kadhaa, na kwa usiku mmoja hula majani kilo arobaini hivi. Njiani kuna mashamba ya maharage na mahindi ya bondeni. Ukisimama kati yake na maji, hakuonyi. Sauti yake husafiri hewani na majini kwa pamoja, kwa hiyo usiku wa kiza husikii ukingo mmoja tu ukinguruma. Mto wote hunguruma. Mtoto aliyelala kilimani akisikia sauti hiyo akaambiwa ni mwenye mto anayedai haki yake, sioni amedanganywa wapi.

Wanyama hawa hawahitaji pasi ya kusafiria. Upande wa Burundi, Ruvubu unapita katikati ya Hifadhi ya Taifa yenye jina lake, iliyoanzishwa mwaka 1980, kisha unaingia kwetu bila kupiga hodi. Upande wa Biharamulo kuna Ziwa Burigi, ambalo tangu 2019 limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Tumezungukwa na maji yenye wenyewe.

Ndiyo maana makabila mengi ya ukanda huu yana viumbe wao wa majini. Wahaya wana Mugasha, bwana wa ziwa na dhoruba zake. Waganda wana Mukasa huko visiwa vya Ssese, tena wana lukwata, dude la ziwani linaloviringisha mitumbwi na kumeza wavuvi. Kutoka pwani tumeletewa chunusi, avutaye waogaji miguu, na siku hizi ukimtaja Kahama au Biharamulo huna haja ya kumweleza mtu ni nani. Katanga, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wachoraji wa mitaani walimchora mamba-muntu, nusu mwanamke nusu samaki, wakamtundika sebuleni mwa watu pamoja na picha za harusi.

Wazungu walipokuja nao waliingia mkumbo. Harry Johnston, aliyekuwa mkuu wa serikali ya kikoloni Uganda, alimwandika lukwata katika kitabu chake cha 1902. Clement Hill, mkubwa mwingine wa Kiingereza, alidai kwamba akiwa ndani ya boti Ziwa Victoria aliona dude likijaribu kumkamata mtu aliyekaa mbele ya chombo. Ofisa C. W. Hobley akazikusanya habari hizo mwaka 1913 katika jarida la wapenda viumbe wa Afrika Mashariki. Huenda walichokiona ni fisi maji, ambao huogelea wakifuatana kwa mstari, kichwa na mgongo, kichwa na mgongo, mpaka ukiwa mbali unaapa ni nyoka mmoja mrefu. Huenda ni chatu anayevuka. Huenda ni kamongo, samaki anayefikia mita mbili na kupumua hewa kama mimi na wewe. Huko Uskochi hadithi yao ya zimwi la ziwa Loch Ness ilivuma magazetini mwaka 1933, picha yake maarufu ikapigwa mwaka uliofuata, na miaka sitini baadaye ikabainika kuwa ni manowari ya kuchezea ya watoto iliyovikwa shingo. Lakini wenzetu wamevuna watalii kutokana na uongo huo mpaka leo. Loch Ness haina mamba. Pengine ndiyo maana zimwi lake limekuwa biashara na letu limekuwa msiba.

Sasa niseme ninaloliamini. Mbele ya hadithi hizi tumegawanyika makundi mawili, na yote yananichosha. Kundi moja hucheka: ushirikina, upuuzi wa vijijini, watu wasome. Kundi la pili huinamisha kichwa: haya ni mambo ya wazee, usiyaguse, mto una wenyewe. La kwanza halijawahi kuchota maji mtoni. La pili lina sababu zake za kutotaka maswali. Mimi nazichukua hadithi za majini kuwa ni ushahidi. Shahidi hadhihakiwi wala haabudiwi. Shahidi huhojiwa.

Na kuna mfano wa karibu unaoonyesha jinsi ya kumhoji. Mwishoni mwa 1861 Mwingereza John Hanning Speke alikuwa mgeni wa Rumanyika, mtawala wa Karagwe, majirani zetu wa kaskazini. Alikuwa akitafuta chanzo cha Nile, ambacho kwa Wazungu wa wakati huo kilikuwa chenyewe ni ngano ya tangu enzi za Warumi. Hapo Karagwe akasimuliwa habari za Ruanda: kwamba kuna watu wafupi wakaao juu ya miti, na kwamba kuna madude yasiyoweza kusema na binadamu, yanayojificha mpaka yaone wanawake wakipita, kisha huwabana hadi kufa. Speke akayaandika katika kitabu chake cha 1863 pamoja na mambo mengine ya kustaajabisha aliyoyasikia.

Oktoba 1902 ofisa wa Kijerumani, Robert von Beringe, alikuwa akipanda mlima Sabyinyo, mmoja wa milima ya volkano ya Virunga. Akaona wanyama wakubwa weusi wakipanda juu zaidi. Akawapiga risasi wawili. Mwaka uliofuata mtaalamu Paul Matschie akampa mnyama huyo jina la kisayansi lenye jina la ofisa ndani yake, na dunia ikatangaziwa kwamba gorila wa milimani amegunduliwa. Amegunduliwa na nani? Pale Karagwe habari zake zilikuwa zikisimuliwa uani zaidi ya miaka arobaini kabla.

Sisemi kwamba kila neno alilosimuliwa Speke lilikuwa kweli. Gorila hula majani na machipukizi, na hana shughuli na wake za watu. Watwa, ambao bila shaka ndio wale watu wafupi, waliishi msituni na hawakuishi juu ya miti. Ila ona kilichobaki ukishaondoa chumvi: kuna kiumbe mkubwa, anafanana na mtu lakini hasemi, yuko upande ule, hukaa mafichoni. Wasimuliaji walikosea tabia, anwani hawakuikosea. Na hili ndilo ninalomwomba msomaji alishike, maana hoja yangu yote imesimama juu yake. Hadithi ya zimwi hupotosha umbo, ukubwa na nia ya kiumbe. Mahali haipotoshi. Kijiji kizima kikikubaliana kwamba katika bwawa fulani hapaogwi, pale penye mti ulioinama, jua likishageuka, basi hapo pana jambo.

Pwani yetu ina ushahidi wa namna yake. Samaki silikanti, aliyedhaniwa kutoweka zama za mijusi wakubwa, alinaswa Afrika Kusini mwaka 1938 na wataalamu wakapigwa butwaa. Mwaka 2003 wavuvi wa Songo Mnara, Kilwa, wakamtoa kwenye nyavu, na tangu 2009 Tanga ina hifadhi ya bahari iliyotengwa kwa ajili yake. Bahari haikuwahi kusema kwamba ametoweka. Waliosema ni watu waliokuwa mbali nayo.

Tumrudie mamba, maana yeye ndiye mwenye kesi.

Jirani yetu Burundi alikuwa na mamba mwenye jina: Gustave. Makazi yake yalitajwa kuwa Mto Ruzizi na fukwe za kaskazini za Ziwa Tanganyika, yaani upande wa pili wa mgongo wa nchi ile. Maji ya huku kwetu yanakwenda Nile, ya kule yanakwenda Kongo. Mfaransa Patrice Faye, mpenzi wa mamba na nyoka aliyekaa Burundi miaka mingi, ndiye aliyempa jina na kumfuatilia. Gustave alikadiriwa kuwa na urefu wa zaidi ya mita 6 na uzito karibu kilo 900, na mwili wake ulikuwa na makovu ya risasi. Kwanza watu walisema ana miaka mia. Faye akachungulia mdomoni kwa darubini, akaona meno hayajapukutika kama yanavyopukutika ya mamba mzee, akasema huyu ana kama miaka 60 na bado anakua. Hiyo ndiyo namna ya kumhoji shahidi niliyokuwa nikiisema. Wakamtengenezea mtego wa chuma wenye uzito wa tani nzima, wakautumbukiza mtoni na chambo ndani, wakangoja. Gustave hakuingia. Jaribio hilo likatengenezewa filamu ya televisheni mwaka 2004, na mwaka 2007 Hollywood nao wakatoa filamu yao, ambayo tangazo lake lilimnadi kuwa muuaji wa mfululizo bila kutaja kwamba ni mamba.

Husemwa Gustave aliua watu 300. Hakuna aliyewahesabu. Hesabu hiyo ilikua midomoni katika nchi iliyokuwa vitani tangu 1993, ambamo mito ilibeba maiti nyingi ambazo hakuna mamba aliyeziua, na wako waliosema ndizo zilizomfundisha mnyama ladha ya binadamu. Hapo ndipo ninapoanza kumwonea Gustave huruma, ingawa nisingependa kukutana naye. Ukishampa mnyama mmoja jina, kila kifo cha majini kinaandikwa kwenye daftari lake. Mamba wengine wote wa Ruzizi wakawa hawana hatia. Wenye bunduki wakawa hawana hatia. Na aliyeahidi kuleta bomba la maji kijijini halafu asilete, huyo hata kutajwa hakutajwa.

Uganda nao walikuwa na mamba wao, katika kijiji cha Luganga ukingoni mwa Ziwa Victoria, wakamwita Osama. Wanakijiji walisema amekula watu zaidi ya 80. Alinaswa akiwa hai mwaka 2005, akapelekwa kwenye shamba la kufugia mamba, watu wakashangilia. Mamba wengine wa Ziwa Victoria hawakuambiwa kwamba vita vimekwisha.

Kuna ukurasa wa mto wetu ambao hauwezi kurukwa. Aprili na Mei 1994 Kagera ulishusha kwenye maporomoko ya Rusumo miili ya watu waliouawa Rwanda, siku baada ya siku, na walio darajani waliiona kwa macho yao. Tarehe 28 Aprili, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka pale kuingia Ngara, na kambi ya wakimbizi ya Benaco ikawa mji kabla mahema hayajatosha. Mto uliipeleka miili mpaka Ziwa Victoria. Upande wa Uganda peke yake ilizikwa zaidi ya 10,000, na makaburi ya Kasensero, Lambu na Ggolo yapo mpaka leo. Watu wa kandokando ya ziwa waliacha kula samaki. Wakati ule hakuna aliyesema ni lukwata. Hakuna aliyesingizia Mugasha. Kila mtu alijua nani ameua, kwa panga la namna gani, na kwa amri ya nani.

Nalitaja hilo kwa sababu watu wanapotaka kujua, wanajua. Swali ni kwa nini mtoto mmoja anapopotelea mtoni jioni hatutaki kujua. Husemwa amechukuliwa na maji, amechukuliwa na chunusi, ilikuwa siku yake. Wazee huja, matanga huwekwa, na jambo linaishia hapo. Nchi hii ina Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, na kifo cha ghafla au kisichoeleweka ni kazi yake. Ni mara ngapi umesikia imefika ukingoni mwa mto kuuliza mtoto wa darasa la pili alifuata nini majini saa kumi na mbili na nusu jioni? Na kama kuna mwovu aliyemsukuma, chunusi ni mshitakiwa wa kupendeza sana: hana anwani ya kupelekewa hati wala hakati rufaa.

Au hutokea kinyume chake, na hicho ni kibaya zaidi. Sehemu nyingi za nchi yetu mamba akila mtu hatafutwi mamba, hutafutwa aliyemtuma. Na anayepatikana kuwa amemtuma, kwa bahati mbaya ya siku zote, huwa ni mama mzee mjane, anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni na pengine kipande cha shamba ambacho mtu mwingine anakitamani. Huyo si mnyama wa majini tena. Huyo ni jirani yetu tunayetaka kumwua kwa msaada wa mnyama wa majini. Anayesema tusiziguse hadithi za wazee anieleze kama na hili tuliache.

Fasihi yetu yenyewe ililiona tatizo hili zamani. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha ngano za Kiswahili alizozikusanya Unguja, na mojawapo ni ya sultani Majnuni na paka wake. Paka alianza kukamata kuku wa watu. Wakaenda kushitaki. Sultani akawaambia paka ni wake na kuku ni wake. Paka akakamata mbuzi, akakamata ndama, akakamata ng'ombe, kila mara watu wanakwenda kushitaki na kila mara jibu ni lile lile. Akakamata watoto wa watu. Jibu halikubadilika. Mpaka paka alipowashika wana wa sultani mwenyewe ndipo mzee akakiri kwamba huyu si paka, huyu ni Nunda, mla watu. Mwana mdogo wa mwisho ndiye aliyekwenda msituni kumtafuta na kumwua.

Hadithi hii tunawasimulia watoto kana kwamba ni ya ushujaa wa kijana. Mimi naisoma kuwa ni hadithi ya utawala. Nunda hakushuka kutoka mbinguni wala hakuzuka kilindini. Alifugwa. Alilishwa, akatetewa, na kila malalamiko yaliyotupwa yalimwongezea kimo.

Ziwa letu lina Nunda wake wa kweli, na si lukwata. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa ile ya 1960 sangara alipandikizwa Ziwa Victoria, samaki anayeweza kufikia kilo 200, kwa hoja kwamba atakula furu wadogo wasio na thamani na kutupa samaki wa kuuza. Akala. Aina kwa mamia za furu, ambazo hazikuwapo mahali pengine popote duniani, zilitoweka au zikabaki chache mno. Halikuwa zimwi la hadithi. Lilipandikizwa na watu wenye elimu na nia njema. Fedha za minofu zimejenga nyumba Bukoba na Mwanza, sikatai. Lakini ukimuuliza bibi wa pwani ya ziwa ni dude gani lililoimeza mboga yake, hatakutajia kitu chenye pembe.

Sasa mamba wa Ruvubu naye amefugwaje, maana yeye yupo tangu na tangu na hana kosa kuwa mamba? Hakufugwa yeye. Kilichofugwa ni ile safari ya kushuka na dumu. Kila mwaka ambao chemchemi ya kilimani haijengewi tangi, kila kisima kilichoharibika pampu na kuachwa, kila mwanafunzi anayetumwa mtoni kabla ya kengele ya shule, ni kuku wa paka yule.

Sheria yetu inamtambua mwathirika baada ya tukio. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi milioni 1 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama hatari, na viwango hivyo vililalamikiwa bungeni kwa miaka kuwa ni vidogo. Sina ugomvi na kuongeza kiwango. Nina ugomvi na mpangilio wa fikra ambao bajeti yake huanza pale machozi yanapoanza.

Hasa kwa vile kinga inajulikana na haihitaji mtaalamu kutoka nje. Wazee walikuwa wakichomeka miti ukingoni kwa ukaribu, mti kwa mti, na kuacha kidimbwi cha ndani ambacho mtu huchotea bila mkono wake kufika kwenye maji ya wazi. Kule Buchosa, mkoani Mwanza, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, imejenga vizimba vya wavu wa chuma ziwani kwa kazi hiyo hiyo: mama anaingia, anachota, anafua, mamba anabaki nje na njaa yake. Kizimba si dawa ya kila kitu. Mafuriko hukibomoa, chuma hushika kutu, na wavuvi hawawezi kuvua wakiwa ndani ya kizimba. Lakini ni kitu cha kushikika, tena hakihitaji umwamini wala umkane chunusi.

Tatizo ni kujua pa kuanzia, maana kingo ni ndefu na fedha ni fupi. Hapo ndipo ninapowataka wale waliokuwa wakicheka waniazime sikio. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanzishwa mwaka 2019, unapopanga kipi kijengwe kwanza huangalia idadi ya watu, umbali wa maji na gharama. Uongeze safu moja kwenye jedwali lake: mahali panapoogopwa. Waulizwe wazee, waulizwe zaidi akina mama, ambao ndio wanaoshuka: ni wapi watoto hukatazwa kuoga? Ni wapi husemwa pana mwenyewe? Ni saa ngapi? Ni nani wa mwisho kupotelea hapo, na alikuwa amefuata nini? Majibu yachorwe kwenye ramani ya kijiji. Nina hakika ukiweka ramani hiyo ya mazimwi juu ya ramani ya mapito ya viboko na malalio ya mamba, zitafanana kuliko inavyoweza kufanana nayo kazi ya mshauri mwelekezi. Vizimba na mabomba ya kwanza yapelekwe hapo.

Wazee wataambiwaje? Wataambiwa ukweli: kwamba walichokuwa wakikisema kimesikika. Hakuna haja ya kuwalazimisha wakane mwenye mto. Bomba likifika kilimani hakuna atakayekwenda kumsumbua, na kama yupo, nadhani atashukuru kuachwa apumzike. Na polisi na watendaji wa kata waanze kuandika vifo vya majini kama vinavyoandikwa vya barabarani: mahali, saa, aliyeshuhudia, kilichoonekana. Barabara yenye ajali nyingi huwekewa kibao. Kingo za Ruvubu nazo zina haki hiyo.

Kwa mujibu wa sheria mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mwenyekiti yeyote wa Ngara au Biharamulo anayesoma hapa aliweke swali la mahali panapoogopwa kwenye ajenda ya mkutano ujao, tena alipange mwanzoni, kabla ya michango, wakati akina mama bado hawajaondoka kwenda kuchota maji.